Mashine Mbili, Diski Moja

Maiti yenyewe ilikuwa kabati la chuma lisilozidi kreti ya soda. Ndani yake mlikuwa na diski, na hadi Jumanne ya wiki ile ya Juni 1998 diski hiyo ilihifadhi daftari la nasaba ya ng'ombe elfu nne wa Borabu: mama, nyanya, fahali, tarehe ya kuzaa. Sasa ilihifadhi takataka tupu.

Inspekta Sheila Nyanchera wa upelelezi, Kisii, alilizunguka kabati mara mbili. Halikuwa limevunjwa.

"Usijisumbue, Madam," alisema Onsongo, meneja wa chama cha wafugaji pale Nyansiongo. "Mhalifu tunaye. Bitutu, anayeshughulikia mashine ya kwanza kati ya kompyuta zetu mbili. Yuko seli tangu jana, na kesho ni kortini."

"Ushahidi?"

"Mashine yake ilikuwa ikiandika wakati daftari linaharibika. Tena wiki mbili zilizopita alikuja kwangu akaomba ahamishwe chumba. Nikakataa. Hiki ni kisasi."

"Alitaka kuhama kwa nini?"

"Hakusema."

Sheila hakupenda kupewa mhalifu pamoja na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Birongo kufikia cheo kile. Alijivunia jambo hilo waziwazi, na hakuwa tayari kulipaka matope kwa kesi ya kukisia. Akaenda seli.

Bitutu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, kitambaa kichwani, mgongo wima.

"Ulifuta daftari?"

"Hapana, Madam."

"Nani alifuta?"

Bitutu alikaza fundo la kitambaa chake.

"Kuna mtu unamficha?"

"Hakuna kitu naweza sema."

"Kesho ni korti, Bitutu. Uharibifu wa mali kwa makusudi. Ni kifungo hicho."

"Najua. Naogopa sana. Lakini siwezi sema."

Sheila alishahoji wezi, waongo na wachungaji. Asiye na hatia hulia, na mwenye hatia hutunga hadithi. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo, na Sheila akatoka pale na heshima ambayo hakuwa ameingia nayo.

Aliporudi ofisini alimkuta Nishant, mwana wa Natwarlal, mwenye duka la mjini Kisii lililouza mitambo ile. Ni Nishant aliyeifunga.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Sheila alimwambia.

"Madam, hapa iko mashine mbili, diski moja. Zote zinaandika ndani ya diski moja. Zikiandika mahali pamoja wakati mmoja, kwisha! Kwa hivyo zinaulizana kwanza. Hii waya mnene inaenda kwa diski. Hii mwembamba ni ya kuongea: 'Mimi naandika hapa, wewe ngoja.'"

"Na zikiacha kuongea?"

"Zinasimama. Kila mashine iko na kura moja. Mimi niliweka kura zinazotakiwa ni mbili. Mashine ikikosa kusikia mwenzake, inahesabu kura, inapata moja, inakataa kuandika. Afadhali isimame kuliko iharibu."

"Kumbukumbu zake zipo?"

Nishant alichapa karatasi mbili. Mashine ya kwanza, Jumanne, saa mbili asubuhi: simsikii mwenzangu, niko peke yangu, naendelea. Mashine ya pili, Jumanne, saa mbili asubuhi: maneno yaleyale.

Sheila akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mashahidi wawili, na kila mmoja anaapa mwenzake ni marehemu! Halafu wote wawili wakaendelea kuandika juu ya diski moja mpaka mchana. Lakini si umesema zingesimama?"

Nishant aliingia ndani ya mipangilio. Akasoma mstari mmoja, akausoma tena.

"Kura zinazotakiwa: moja. Kwa mashine zote mbili. Madam, hii si kazi yangu. Haki ya Mungu."

Sheila akapiga magoti akafuata nyaya. Ule mnene ulipita kwenye tundu la ukuta, tundu jipya lenye vumbi la saruji, hadi chumba cha pili. Huko ndiko ilikokaa mashine ya pili. Ule mwembamba uliishia sakafuni. Haukufika hata ukutani.

"Nani alihamisha mashine?"

"Mzee Jethro, anayeshughulikia hiyo ya pili, Jumatatu jioni," alijibu Onsongo. "Alisema hapa kuna joto."

Joto! Nyansiongo, mwezi wa sita! Sheila mwenyewe alikuwa amevaa sweta mbili.

"Mleteni Bitutu hapa. Na huyo mzee."

Bitutu aliletwa kwanza, pingu mikononi. Jethro alifuata, mzee wa miaka hamsini na minane, tai shingoni. Alifika mlangoni akasimama. Bitutu aliinamisha macho, akajisogeza ukutani.

"Ingia, Mzee."

"Niko sawa hapa, Madam."

Sheila alimtazama huyu, akamtazama yule. Baba mkwe wake mwenyewe, kule Birongo, alikuwa hajakanyaga jikoni mwake kwa miaka kumi na moja.

"Bitutu ameolewa na nani?"

"Omosa, kijana wa Mzee Jethro," alisema Onsongo. "Tangu Aprili. Lakini hii ni ofisi, si boma!"

"Mzee, nakusikiliza," Sheila alisema taratibu.

Jethro alijibu akiwa kizingitini. "Viti vyetu viligusana, Madam. Nikigeuka, magoti yangu kwa yake. Mke wa mwanangu! Kwetu ni mwiko kumkaribia hivyo. Ningekaa hapo namna gani?"

"Na kura?"

Mzee akanyoosha tai. "Mashine zilisimama. Nikafungua kitabu, kurasa mia tatu, Kiingereza kigumu. Nilisoma peke yangu usiku mzima. Nikapata ile namba, nikaandika moja, zikaamka zote. Hakuna mtu alinifundisha!" Uso ulimng'aa, kisha ukazimika.

"Na Bitutu alipokamatwa?"

"Borabu yote wananiita Mzee Kompyuta. Niliona haya. Nikafikiri mtamwachilia tu."

Sheila akageuka. "Bitutu, ulijua?"

"Nilimshikia mlango akihamisha."

"Ukanyamaza!"

"Nisimame mbele ya watu niseme tata, baba mkwe wangu, ameharibu? Hapana, Madam. Heri nifungwe."

Jethro alisikia. Aligeuka, akawakabili wafugaji waliojaa baraza wakingoja habari za ng'ombe wao, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Ni mimi niliharibu daftari lenu! Si mke wa Omosa. Ni mimi, kwa kiburi changu. Leteni kadi za ng'ombe zenu kutoka nyumbani, nitaandika upya zote." Tai yake ilitikisika, lakini hakuondoka pale.

"Hakuna kusudi hapa, kuna uzembe," Sheila alimwambia Onsongo. "Kesi ya makusudi imekwisha. Na mtafutie fundi wa Natwarlal waya mrefu zaidi."

Kisha akamfungua Bitutu pingu kwa mkono wake mwenyewe. Alijivunia watu wake siku hiyo, hata yule mzee, lakini zaidi huyu aliyesimama mbele yake akisugua vifundo vya mikono.

"Bitutu," alimwambia, "mimi ningekuwa nimeshasema."