Kilichong'aa Kibanjani

Pale Buganguzi, Ishengoma alikuwa na kibanja cha kujivunia. Migomba ilibeba mikungu mizito, na kahawa ilisimama katikati yake. Aliyekilisha kibanja hicho ni mama yake, Kokuhirwa. Tangu alipoolewa alibeba nyasi kutoka rweya, kule mbugani, akazitandaza kwenye mashina ya migomba pamoja na samadi. Mgongo wake ulipindia kwenye kazi hiyo.

Siku moja Ishengoma alichimba shimo la choo. Chini akakuta mwamba laini wenye vipande vinavyometameta. Moyo ukamruka. Choo kikaishia hapo. Familia ikaendelea kuazima cha jirani, naye Ishengoma akaanza kutafuta utajiri.

Alichimba kuelekea kwenye migomba. Mgomba ukimzuia, aliukata. Udongo mwekundu wa chini aliutupa juu ya ule mweusi. Mkewe, Gaudiosa, alimsihi amwonyeshe Minza jiwe moja tu. Minza alikuwa Msukuma aliyeuza dagaa sokoni Nshamba, lakini zamani aliosha dhahabu huko Geita. Ishengoma akakataa. Alisema Minza akiliona jiwe, kesho kijiji kizima kitakuja na majembe.

Kokuhirwa hakugombana naye. Alisema mara moja tu.

"Mwanangu, hapo unapochimba ndipo ninapokula."

Ishengoma akamwahidi nyumba ya vigae.

Mvua zikaja. Mashimo yakajaa maji, udongo mwekundu ukatiririka kila mahali, na migomba iliyobaki ikaanguka. Gaudiosa akaanza kununua ndizi. Mhaya mwenye kibanja, anunue ndizi sokoni! Wanawake wenzake walimuuliza kama mumewe siku hizi anakula mawe. Alicheka nao, kisha akalia njiani. Bei ilipowashinda wakahamia kwenye ugali. Kokuhirwa alikuwa akila kidogo, halafu anasema ameshiba.

Ndipo Gaudiosa alipofunga jiwe kwenye pindo la kanga, akampelekea Minza bila kuaga. Jioni Minza akaja na karai.

Aliliponda jiwe, akatia maji, akalizungusha karai taratibu. Vile vipande vinavyometameta vikaelea na kumwagika. Chini ukabaki mchanga mtupu.

"Dhahabu ni nzito, shemeji, hubaki chini," alisema. "Ukiigonga kwa nyundo hulala bapa. Hii yako ni ulanga. Tazama, inabanduka kwa kucha kama ganda la kitunguu."

Ishengoma akauliza kwa sauti ndogo kama basi si kito, kama tanzanaiti.

"Kito hukatwa, kikasuguliwa, kikang'aa. Hiki ukikisugua kitakwisha mkononi."

Akamweleza kwamba mwamba ni kama katogo. Ndizi na maharage yaliyomo ndiyo madini, na chungu kizima ndicho mwamba. Kila mwamba una madini, ila yenye bei ni machache. Tena hata ukikuta dhahabu, huchimbi bila leseni. Kwanza unapeleka kipande ofisi ya madini kikapimwe, jembe likisubiri nyumbani.

Kisha akachota udongo, mwekundu kiganja hiki, mweusi kiganja kile.

"Huu mwekundu ni mwamba uliooza. Mvua imeulamba miaka na miaka, hauna chakula. Huu mweusi haukutoka chini, shemeji. Mama yako aliubeba kichwani. Wewe umeuzika."

Kokuhirwa alikuwa mlangoni. Alisikia yote, akaingia ndani.

Ishengoma alifukia mashimo. Aliukwangua udongo mwekundu, akaufukua mweusi uliosalia, akabeba nyasi na samadi kichwani mwake mwenyewe. Waliomwona walimtania, naye akaendelea kubeba. Maharage yakastawi. Machipukizi ya migomba yakashika. Lakini mgomba hauharakishwi, na Kokuhirwa alifariki kabla ya mkungu wa kwanza.

Vijana walipokuja kuchimba kaburi kibanjani, Ishengoma alisimama nao. Akawaomba udongo mweusi uwekwe upande wake, mwekundu upande wake. Mmoja akamuuliza kama bado anatafuta.

"Hapana," alisema. "Huo mweusi ni kazi yake. Msiuchanganye."

Walipomzika walirudisha mwekundu kwanza, na mweusi juu. Mwaka uliofuata migomba iliyo karibu na kaburi ilibeba vizuri, na Gaudiosa akaacha kununua ndizi. Mkungu wa kwanza waliula wawili tu.