Fungu la Mtu wa Nyuma

Mama alikuwa akipaa samaki wa jioni, magamba yamemrukia hadi kwenye nyusi, shemeji yake alipoingia uani amejifunika blanketi.

"Shemeji, nasikia Jumatatu mlivuta wavu. Nani alishika nafasi yangu?"

Kisu kilisimama. "Si wewe? Kaka yako kasema ulikuwa nyuma yake."

"Mimi? Nina homa tangu Jumapili. Hata chooni nafika kwa kushika ukuta."

Mama akaita, "Baba watoto! Hebu njoo hapa."

Mumewe akaja, akaeleza kwa shida. Asubuhi ile baridi ilikuwa imeanza, samaki wamesogea ufukweni, ukungu mzito. Kamba ilitaka watu wanne, nao walikuwa watatu. Alisikia hatua majini, akapaza sauti bila kugeuka, "Shika huko nyuma!" Kamba ikakaza. Wavu ulikuja umejaa. Wakati wa kugawana mtu wa nyuma hakuwepo, akadhani ni mdogo wake, kawahi kulala. Fungu lake akalibeba ampelekee.

"Liko wapi?" mgonjwa aliuliza.

"Tulilila."

"Kumbe mmenila mzima mzima!"

Mama aliweka kisu chini. Aliyeshika kamba hupewa fungu, hata awe mpita njia; watoto wote wa pwani ile walijua. Na siku tatu sasa samaki walikuwa wakipungua kwenye kikaango cha Mama. Alikuwa amemfukuza paka. Jana alimchapa binti yake mkubwa.

"Nilikwambia si mimi," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Nimesikia. Lete kuni."

Mama alikaanga samaki wote. Aliwatoa wanne wakubwa, akawaweka kwenye sahani mlango wa nyuma. Hakujua dua ya kufukuza majini, na mganga alikaa mbali. "Haki yako hii," alinong'ona. "Kula, uende. Mimi nimechoka."

Akafunga mlango, akasimama na mwiko mkononi, na harufu ya matope ya bahari ikapenya chini ya mlango, ikapanda miguuni mwake kama maji yanayojaa, huku nje mifupa ikivunjwa taratibu, mmoja baada ya mwingine, na mtu anayekula akipumua kwa nguvu kama aliyetoka kuvuta kitu kizito, mpaka kukawa kimya. Alipofungua, sahani ilikuwa nyeupe. Harufu haikuwepo.

Akapakua chakula. Binti alipewa kipande kinono kuliko cha baba yake. Mama akahesabu vichwa: mume, shemeji, binti, wadogo wawili, yeye. Sita.

"Huyu bado hajapona," mumewe alisema, mdomo umejaa, "na maji yanazidi kupoa. Kesho tutavuta watatu tu."

Nje, kamba ya wavu iliyotundikwa msumarini ikakaza, ukuta ukalia.

Mama akahesabu tena. Wote sita walikuwa ndani.