Msafara wa Harusi Mbele ya Tramu

Usiinamishe uso. Nawe umewahi kuona mtu akisingiziwa, ukaujua ukweli, kisha ukageuza shingo kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Ukajiambia hayakuhusu. Basi leo usigeuke. Sikiliza yaliyomfika Shemsa.

Shemsa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akikaa Sparkbrook, Birmingham, na mama yake, Bi Zuleha. Jumamosi zake zilifanana: asubuhi madrasa, kisha madukani Ladypool Road kubeba mifuko ya vitunguu na bizari huku mama akivutana bei na wauzaji. Mjomba wake Haidari, dereva wa teksi, ndiye aliyewarudisha nyumbani. Haidari alikuwa mtu wa watu. Mgonjwa akizidiwa mtaani, mlango uliogongwa ulikuwa wake, na nauli ya mgonjwa hakuipokea hata siku moja.

Jumamosi moja ya mwaka 2004 palikuwa na harusi. Bwana harusi alitoka Sparkbrook kumfuata mchumba wake Wolverhampton, na magari yakaandamana yamefungwa riboni, honi zikilia. Wakubwa walikwisha kuonya tangu asubuhi: msafara wa harusi haukatwi, ukikatwa ni nuksi kwa maharusi. Bi Zuleha alipanda gari la akina mama. Haidari alishika mkia, na Shemsa alikaa nyuma yake, sinia la kashata mapajani.

Ukikaribia Wolverhampton, reli za tramu, ile treni ya mjini, hupita barabarani pamoja na magari. Walipofika kwenye njia panda, gari la mbele yao lilivuka, na taa ikawa nyekundu.

"Mjomba, nyekundu hiyo," alisema Shemsa.

"Tutaachwa," alijibu Haidari, akakanyaga mafuta.

Honi ya tramu ikapasua masikio. Ikafuata sauti ya chuma kikikwaruza chuma, na dirisha la Shemsa likajaa uso wa tramu. Iliwagonga kwenye mlango wa nyuma, ikawasukuma kando, ikasimama. Kashata zilitapakaa kila mahali. Mkono wa Shemsa ulivunjika. Alipolia "mama wee", dereva wa tramu alishuka, akapiga magoti juu ya vipande vya vioo, akamwuliza kwa Kiswahili ni wapi panapouma. Alikuwa mama wa Kikenya, jina lake Kerubo.

Polisi walipouliza, Haidari alisema taa yake ilikuwa ya kijani, na kwamba tramu ilikuja mbio, ikachelewa kupiga honi na breki. Abiria wa tramu hawakuweza kuiona taa ya magari, kwa hiyo likabaki neno la Haidari na neno la Kerubo. Kerubo akasimamishwa kazi. Akionekana mkosa, ndiyo basi, hataendesha tena. Lakini Haidari naye akionekana mkosa, leseni ya teksi imekwenda. Ukoo ukajipanga nyuma ya Haidari. Watu waliokuwa kwenye magari ya mbele, ambao hawakuona lolote, waliapa kwamba taa ilikuwa kijani kama jani. Bi Zuleha alimwambia bintiye kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu, na ya nyumbani hayatolewi nje.

Na ni watu wale wale! Miaka yote walilalamika kwamba katika nchi hii mgeni ndiye wa kwanza kutupiwa lawama. Sasa walimtwika lawama mgeni mwenzao, kisha wakanywa chai. Shemsa peke yake ndiye aliyeiacha chai yake ikapoa.

Alasiri moja Kerubo alikuja kumjulia hali mtoto. Bi Zuleha hakuwa na la kufanya. Mgeni aliyekuja kumwangalia mgonjwa hafukuzwi. Haidari, aliyekuwa sebuleni, alikaza macho kwenye televisheni iliyozimwa.

Kerubo hakuleta ugomvi. Alileta machungwa. Aliuliza habari za mkono, akamchekesha Shemsa kidogo kuhusu kashata zilizoliwa na njiwa wa Wolverhampton. Ndipo Shemsa akapata ujasiri.

"Anti, mbona hukutukwepa?"

"Tramu haina usukani, mwanangu. Inakwenda reli inakokwenda. Nina breki ya dharura tu. Ukiivuta, mchanga unamwagika kwenye reli ili magurudumu yasiteleze, na sumaku zilizo chini ya tramu zinashuka na kuing'ang'ania reli. Lakini ni chuma juu ya chuma, na mzigo ni mzito. Haiwezi kusimama papo hapo kama gari."

Shemsa akaukumbuka mchanga aliouona relini, asijue ulitoka wapi.

Kerubo akaeleza taratibu kwamba breki ile huwaangusha waliosimama ndani, na yeye alilijua hilo. Mzee mmoja alikuwa amesimama karibu na mlango. Alianguka, nyonga ikavunjika. Kerubo alikuwa ametoka kumtazama hospitali.

"Nilikuona dirishani," alisema. "Nikaivuta."

Shemsa alimgeukia mjomba wake.

"Mjomba, taa ilikuwa nyekundu. Nilikwambia."

Bi Zuleha alianza kumkemea, kwamba mtoto hana adabu, lakini Haidari aliinua mkono kumzuia dada yake. Alikuwa akilia.

"Mwache, dada. Kaniambia kweli. Nilimsikia."

Haidari mwenyewe alikwenda polisi kubadilisha maneno yake. Leseni alinyang'anywa, akaingia kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja Digbeth, na ndugu kadhaa wakaacha kumsalimia. Kerubo alirudi kwenye tramu yake. Bi Zuleha alikwenda kumwomba radhi.

Ilipofika harusi nyingine, Haidari aliwakusanya madereva wote kabla hawajawasha magari, Shemsa akiwa kando yake.

"Nuksi si msafara kukatwa," aliwaambia. "Nuksi ni kumgonga mtu, na nuksi kubwa zaidi ni kumtwika kosa lako mtu aliyekuokoa. Taa ikiwa nyekundu, simama. Maharusi watatungoja. Na ukikosea, sema mwenyewe, usimngoje mtoto akusemee."

Sasa wewe. Yupo mtu anayebeba kosa lisilo lake, shuleni kwako au mtaani kwako, na wewe uliona. Unalijua jina lake. Funga kitabu hiki, inuka, ukamtetee. Leo.