Dungu la Mtu Mmoja

Meno ya winchi yaliteleza mara moja tu, na mara moja ilitosha.

Arvid Niskanen alisikia mlio wa chuma, akainua uso, akaona dungu lake zima la kuwindia, alilokuwa analivuta kwa waya lisimame, nguzo nne na sakafu na fremu za kuta, likimrudia taratibu kama mzee anayekaa kitini. Aliwahi kuruka kando. Hakuwahi kuvuta mguu wa kushoto. Boriti ya chini ilimdaka katikati ya muundi, ikambana juu ya mwamba, naye akasikia mfupa ukilia kabla ya uchungu kufika. Kisha uchungu ukafika, akapiga ukelele uliorusha kunguru wote kwenye misonobari.

Kosa lenyewe kila mtu huku kwetu analijua. Kitu kikining'inia kwa waya, hupiti chini yake. Arvid alilijua tangu ujana wake mgodini. Lakini kigingi kimoja kilikuwa kimelegea, na kukigonga ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, kazi ambayo mtu wa pili angeifanya huku yeye ameshika mkono wa winchi. Mtu wa pili hakuwepo, na hakuwepo kwa sababu ya ubishi wa Arvid mwenyewe.

Huku kaskazini ya Michigan, watu hawajengi dungu la kuwindia peke yao. Hukusanyika watatu au wanne, mashemeji na majirani, na kreti ya bia, na nusu ya siku hupita wakibishana dungu litazame wapi. Asubuhi hiyo Lempi, mkewe Arvid, alikuwa amemwambia hayohayo huku akimfungia mkate wa nyama na viazi.

"Nenda na mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mtu gani?"

"Unamjua."

"Huyo? Afadhali nilibebe hilo dungu mgongoni."

"Ni kaka yangu, Arvid."

"Najua. Nilishakusamehe kwa hilo."

Lempi hakucheka. Alimtupia mkate wake akarudi kwenye jiko.

Kaka yake aliitwa Ensio Harju. Mzee Harju alipokufa alikuwa ameugawa msitu wake vipande viwili, kimoja cha Ensio, kingine cha Lempi na mumewe, na kijito kikawa mpaka. Miaka miwili kabla ya siku hii, Ensio alipiga dume la kulungu upande wake, dume lenye pembe kama kiti cha mfalme. Likakimbia na jeraha, likavuka kijito, likaangukia juu ya mwamba wa Arvid. Ensio akaja mpaka mpakani, akavua kofia.

"Shemeji, niruhusu nipite. Naliburuta, natoka."

"Soma bango," Arvid akasema.

Mabango yake yalikuwa yamepigiliwa kila mti wa tatu: MARUFUKU KUPITA. Sasa elewa, huku kwetu unaweza kumnyima mtu mkopo, unaweza hata kumnyima binti yako, lakini mnyama aliyempiga humnyimi. Arvid alimnyima. Kunguru na mbweha walilila dume lile siku baada ya siku, na Ensio akiwatazama kutoka ng'ambo ya kijito. Mwisho alisema, bila kupaza sauti, "Hata nikisikia unaungua moto humo ndani, mimi mstari huu sivuki."

Na huo ndio mwamba aliolalia Arvid sasa. Aliuchagua kwa makusudi, nguzo zisizame kwenye tope na dungu limwezeshe kuona mpaka uani kwa Ensio. Jiwe lilikuwa imara kama alivyotaka. Alijaribu kuchimba chini ya mguu kwa makucha ya nyundo, akapata cheche.

Akajipima hali. Alifungua mshipi wa mfuko wa misumari, akaukaza juu ya goti mpaka damu ikapungua kuchuruzika. Akavuta kipande cha ubao kilichokuwa karibu, akakichomeka chini ya boriti, akasukuma kwa nguvu zake zote. Boriti ikainuka upana wa kidole. Alikuwa anaanza kuvuta mguu ubao ulipokatika, na mzigo wote ukashuka tena palepale. Alizimia. Alipozinduka mvua ya barafu ilikuwa inamgonga usoni, upepo wa Ziwa Superior umeanza, na suruali yake imelowa kwa maji na kwa mengine.

Msumeno ulikuwa umetundikwa kwenye msonobari, pale pale macho yanapoufikia na mkono haufiki. Bunduki ilikuwa kambini kwake, maana siku za kuamkia msimu wa kuwinda ukionekana nayo porini askari wa wanyamapori wanakudaka. Chupa ya kahawa ilikuwa imebingirika ikakwama kwenye ufa. Alijinyoosha, vidole vikaikosa kwa kitambo kidogo tu. Akatafuta kijiti. Mkono wake ukagusa kitu chini ya majani yaliyoanguka, kikavu na chenye matawi, akakivuta. Lilikuwa fuvu la dume la Ensio, pembe bado zimesimama, ncha zimetafunwa na panya.

Alilitazama kwa muda. Kisha akalishika kwa pembe moja, akanyoosha nyingine, akainasa chupa na kuivuta. Kahawa ilikuwa bado vuguvugu. Alikunywa akilia, na sijui kama alilia kwa mguu au kwa fuvu.

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Upepo ulikuwa unaichukua na kuitawanya msituni. Ndipo alipokumbuka nyundo. Bati la paa lilikuwa limelala kando yake, na bati likigongwa husikika hadi barabarani. Akaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo. Anapumzika. Ngo, ngo, ngo. Kwa Ensio hapakuwa mbali, atasikia tu, hata kama ni Ensio.

Na Ensio alisikia. Sylvia, mkewe, alikuja kutusimulia baadaye. Alikuwa anaosha vyombo, Ensio yuko mezani anapaka bunduki mafuta.

"Bado anagonga tu?" Sylvia aliuliza.

"Mwache agonge. Kulungu wake wote watahamia kwangu."

"Tangu asubuhi, Ensio. Na mvua hii?"

"Anajenga ikulu. Aliye juu mngoje chini."

Wakacheka wote wawili. Majirani wengine walisikia pia, na kila mmoja alisema maneno yaleyale: Arvid huyo, anamalizia dungu.

Jua lilikuwa linazama Arvid alipolielewa jambo hilo, na lilimuumiza kuliko boriti. Nyundo yake haikuwa inasema "njooni". Ilikuwa inasema "Arvid yuko kazini". Kadiri alivyozidi kuomba, ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba hana shida. Lempi naye asingemngoja, maana usiku wa kuamkia msimu kila mwanaume hulala kambini kwake. Kibanda chake kilikuwa chini ya kilima, kuni zimepangwa, kitanda kimetandikwa, na kesho mchana ndipo mtu angeshangaa. Kesho mchana yeye atakuwa kama fuvu lile.

Mvua ikageuka theluji. Alijifunika kwa karatasi ya lami ya kuezekea, akasimamisha kipande cha plaiwudi kukinga upepo. Kiu ilipomzidi alilamba theluji juu ya bati, kidogo kidogo, aiyeyushe kinywani kwanza isimpoze tumbo. Mguu uliacha kuuma, na hapo akaogopa zaidi. Kabla giza halijafunga, kunguru mmoja alishuka, akatembea juu ya boriti kwa mwendo wa mwenye nyumba, akadonoa damu iliyoganda kwenye kiatu.

"Subiri zamu yako," Arvid akamnong'oneza, akamrushia msumari. Kunguru akasogea hatua mbili, akasubiri.

Usiku ule sitausimulia. Alipigwa na baridi mpaka akaacha kutetemeka, akaanza kuongea na marehemu mama yake, na kila alipotaka kusinzia alijichoma kiganjani kwa ncha ya msumari. Asubuhi kiganja kilikuwa na matundu kama chujio.

Kulipokucha, mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka mbali mashariki, kisha mwingine, kisha msitu mzima. Tarehe kumi na tano Novemba, siku ya kwanza ya msimu. Huku kwetu siku hiyo shule hufungwa, na mtu anayekohoa porini alfajiri hiyo anaweza kupoteza rafiki. Anayegonga nyundo hajawahi kuzaliwa.

Arvid akaishika nyundo kwa mikono miwili, maana mmoja haukutosha tena.

Ngo.

Ng'ambo ya kijito, Ensio alikuwa amekaa juu ya gogo lake tangu giza, bunduki mapajani. Kulungu jike na mwanawe walikuwa wanamjia, na nyuma yao, kwenye kichaka, pembe. Ngo! Mikia mitatu myeupe ikapepea, ikapotea.

Ensio alifika mpakani akiwa mwekundu kama nyanya. Hakuona kitu, kwa miti na theluji. Alisimama mbele ya bango.

"We Arvid! Una wazimu?"

Arvid alifungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Akagonga. Ngo.

"Leo? Leo unagonga? Siku zote za Mungu hukuziona?"

Ngo, ngo.

"Unanijibu kwa nyundo, siyo? Mimi ni mbwa wako?"

Ngo.

 Arvid alisikia theluji ikikanyagwa, na hatua zilikuwa zinakwenda zake. Ensio anaondoka. Na hapo Arvid alimfahamu shemeji yake kama anavyojifahamu mwenyewe. Huruma isingevuka kijito kile, kwa sababu Ensio aliapa, na kiapo chake kilikuwa cha haki. Hasira ndiyo ingevuka. Hasira hasara, walisema wahenga, na Arvid alikuwa anaiomba hasara hiyo kwa roho yake yote.

Akagonga kwa kila hatua aliyoisikia. Hatua, ngo. Hatua, ngo. Ensio akasimama, nyundo ikasimama. Ensio akapiga hatua moja ya kujaribu, nyundo ikaitikia.

"Haya!" Ensio akapaza sauti mpaka ikakatika. "Nakuja! Naja kukung'oa meno, na bango lako utalitafuna!"

Alivunja matawi akipanda mwamba, ngumi tayari, matusi yamejaa mdomoni kwa Kifini, lugha ya babu zao, na kwa Kiingereza. Kisha akaona nguzo zimelala. Akaona karatasi ya lami ikipumua. Akaona uso wa kijivu, na mkono wenye nyundo, na kando yake fuvu la dume lake.

Alisimama hapo muda mrefu kuliko inavyofaa. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikiri.

"Nilikuja kukupiga," alisema.

Arvid alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu jana?"

Alitikisa tena.

"Na mimi nilikaa nacheka jikoni." Ensio aliweka bunduki chini. Lakini hakuigusa boriti. Alitazama nyuma, mabango yalikokuwa, akavua kofia yake kama siku ile, theluji ikamwangukia kwenye upara. "Shemeji. Niruhusu nipite."

Arvid alimkodolea macho. Alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Imeandikwa marufuku," Ensio akasema. "Nataka nisikie."

Midomo ya Arvid ilikuwa imepasuka ikagandiana. Aliitenganisha, akameza, akajaribu mara ya kwanza, hakikutoka kitu. Kunguru aliyekuwa juu ya nguzo aliinamisha kichwa. Mara ya pili likatoka, dogo na la kukwaruza.

"Pita."

Hapo Ensio alikimbia. Aliirudisha winchi mahali pake, akafunga waya kwenye msonobari, akayasafisha meno kwa kisu mpaka yakakamata.

"Unausikia mguu?"

"Hapana."

"Basi usiutazame."

Boriti iliinuka. Ensio akamlaza juu ya bati lilelile alilokuwa anagonga, akatoboa tundu kwa msumari, akapitisha kamba ile aliyobeba kwa ajili ya dume, akaivuta begani. Alimburuta kama mzoga kuteremka mwamba na kuvuka kijito, na Arvid akayaona mabango yake yakipita juu yake moja baada ya jingine.

"Umeniharibia alfajiri yangu, unajua?" Ensio alisema akihema. "Dume lenye pembe za ncha kumi."

"Samahani."

"Nyamaza. Usimalize pumzi."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Majira ya kuchipua Ensio alikuja na watoto wake na kreti ya bia, wakalisimamisha lile dungu kwa nusu siku, na kubishana nusu nyingine. Linapendeza sana. Mpanda ngazi hushuka, lakini Arvid hata kupanda hajawahi, ngazi ile na mguu wa bandia havipatani. Pembe za lile dume ziko ukutani kwa Ensio. Mabango bado yapo mitini, kwa kuwa Arvid ni Arvid.

Msimu uliofuata alikuwa kambini peke yake, mguu umeegemezwa ukutani, kahawa mkononi. Mlio mmoja ukatoka ng'ambo ya kijito. Kikapita kitambo. Kisha, kutoka mpakani, kwenye bati ambalo Ensio alilitundika mwenyewe mtini: ngo, ngo, ngo.

Dume limevuka. Mwenye dume anaomba njia.

Arvid alitazama nyundo yake, iliyoning'inia mlangoni karibu na kipande chake cha bati. Ngo, ngo, ngo, safari hii kwa nguvu zaidi, na tusi moja la Kifini likaja na upepo. Arvid alitabasamu. Akanywa kahawa yake taratibu mpaka akaliona tako la kikombe. Kisha akafunga mguu, akasimama, akagonga mara moja.

Pita.