Mchumba Asiyeandikwa

"Hawa vijana walisaini wakiwa na akili timamu kweli?" Gakii aliuliza, macho kwenye laptopu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake Thorncliffe Park, huko ughaibuni. Ametoka zamu hospitalini, usingizi tele, lakini alikuwa ameahidi kupitia tasnifu ya mchumba wake. Murithi anasomea uchungaji, na ameandika kurasa mia na ushei juu ya vyuo vya Waprotestanti vya karne ya kumi na sita. Huko, kijana aliyesomeshwa na mtawala aliweka saini kwamba atatumikia kanisa popote atakapopangiwa, wala hatachumbia bila ruhusa.

Murithi, aliyeketi mbele yake, akajibu kwamba hawakuwa na njia nyingine ya kusoma. Alijibu haraka mno. Na Gakii humwezi kwa uongo. Kutwa anadanganywa na wagonjwa kuhusu vidonge.

"Na wewe ulisaini nini?"

Basi yakamtoka yote. Kanisa lake la Meru ndilo linalomsomesha, na Januari linamtaka kule, parokia imeshapangwa. Jamani, harusi ni Agosti, na juzi tu walikuwa Pickering, mji wa jirani, wakitafuta nyumba! Tena haruhusiwi kuchumbia bila idhini yao; kila mwaka hujaza fomu yao, na penye swali la mchumba ameandika "hakuna" mara mbili.

"Niliogopa wangenirudisha kabla sijamaliza," alisema.

Gakii hakupandisha sauti. Alisema kuhama hakumtishi, alishahama peke yake na sanduku moja.

"Kinachoniuma ni kwamba umenificha kwao, nao ukawaficha kwangu. Siolewi na mtu wa hivyo."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Murithi akachukua simu yake. Akampigia katibu wa kanisa kule Meru. Akakiri kwamba alidanganya, kwamba mchumba anaye, na kwamba anampenda kuliko anavyoweza kueleza kwa simu. Katibu, mchungaji mzee, akamwambia wazi kwamba wazee wanaweza kuukataa uchungaji wake.

"Najua, Mchungaji. Hata hivyo mwandike."

Mlango ukafunguka. Gakii alikuwa amesikia yote; macho mekundu, akanyoosha mkono apewe simu.

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Ni Gakii, mchumba wake."

Katibu akamsalimu kwa upole, akauliza kama atakubali kwenda Meru. Gakii akamtazama Murithi, akaketi kando yake.

"Hilo tutaamua sisi wawili. Ila harusi iko palepale, na wewe umealikwa."