Dada wa Chini ya Sakafu

Adhuhuri moja ya joto la kukausha mate, Rifai alilikataa titi la mama yake. Hakulia wala hakuwa na homa. Aligeuza uso tu kama mgeni aliyekwisha kula kwingine, akacheua tone la maziwa, akasinzia. Nabawia alibaki na titi mkononi asijue la kufanya. Mara ya mwisho kumnyonyesha ilikuwa kabla ya alfajiri.

Ukimjua Nabawia utaelewa kwa nini jambo hilo lilimchoma. Alikaa katika ndoa miaka na miaka bila mtoto, akizuru kaburi la kila walii kutoka kwao mpaka mjini Qena, huku wanawake wa kijiji wakimwita mgumba kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana asije akakosa kusikia. Rifai alipozaliwa hakumwachia mtu. Hata mama mkwe wake, Haja Zannuba, mwenye nyumba hasa, alimpakata mjukuu wake kwa kuomba ruhusa. Watu walicheka kwamba Nabawia angeweza kumwonea wivu hata nzi akitua kwenye shavu la mwanawe, na hawakuwa wametia chumvi sana.

Juma lililotangulia mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mtoto alinyonya kama nzige aliyeingia shambani. Alimaliza titi hili, akadai lile, akarudia la kwanza, akalia. Muuguzi wa zahanati alimcheka Nabawia kwa upole. "Anachupa kimo huyo. Mtoto akikua ghafla njaa humpanda, halafu hupoa yenyewe. Mpe kila akitaka." Nabawia akampa. Akanywa uwatu wa kuongeza maziwa mpaka jasho lake likanuka uwatu, chuchu zikachanika, na bado mtoto alilia. Ndipo siku moja, akiwa kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, uvumilivu ukamwishia.

"Nimekauka, we mtoto! Nenda kwa dada yangu wa chini akunyonyeshe!"

Haja Zannuba alikuwa akikanda unga wa mikate ya jua, ile inayoumuliwa darini. Mikono yake ikasimama ndani ya karai. Pale kwao kila mtu anajua kwamba ana dada chini ya ardhi, aliyezaliwa naye saa moja, mwenye sura yake na kijicho chake. Ndiyo maana mtoto akianguka haitoshi kumwambia "jina la Mungu juu yako." Huongezwa "na juu ya dada yako aliye bora kuliko wewe," ili yule wa chini aridhike, aache kutazama juu.

"Umesema nini wewe?" Haja alinong'ona. "Yarudishe maneno yako upesi. Sema, dada yangu aliye bora kuliko mimi."

"Mama, nimechoka tu. Nilikuwa natania."

"Wale hawana utani. Sema!"

"Aliye bora kuliko mimi? Kwa mwanangu? Hayupo huyo, juu wala chini."

"Domo huponza kichwa, binti yangu," alisema Haja, akachota chumvi na kuitupa kizingitini. Nabawia alibeba mtoto wake akaenda zake.

Sasa mtoto alikuwa hataki kunyonya, na alinenepa. Mikono yake ikafanya mikunjo, mashavu yakang'aa. Nabawia ndiye aliyekonda. Matiti yake yalijaa yakawa magumu kama mawe, maziwa yakalowesha nguo, naye akawa anayakamua kwenye bakuli huku analia. Kila aliposhuka kutoka darini alikokwenda kugeuza mikate, alimkuta Rifai ameshiba, na shingoni mwake kuna harufu ambayo haikuwa ya uwatu. Ilikuwa harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa.

Akamdhania Badria. Badria alikuwa mke wa shemeji yake, chumba chake kikitazamana na chao uani, na majira ya baridi yaliyopita alizika mtoto asiyefikisha arobaini. Nabawia alimvamia mbele ya tanuri, mikono kiunoni.

"Mwizi! Umezika wako, sasa unakuja kuninyonyeshea wangu?"

Badria aligeuka kutoka kwenye tanuri akamtazama usoni. "Maziwa yangu niliyafunga kwa kitambaa," alisema, "yakanichoma siku nyingi mpaka yakakauka. Ningemnyonyesha mwanao angekuwa mwanangu wa ziwa, nami ningelitangaza jambo hilo mpaka msikitini. Mama wa ziwa hajifichi, Nabawia. Kesho jifanye unapanda darini, ila usipande. Tukae wawili tumchunge."

Kesho yake walijibanza nyuma ya pazia la chumba cha nyuma. Rifai alilazwa juu ya godoro la pamba, kwenye sakafu ya udongo, mahali penye ubaridi kuliko pote. Nyumba nzima ilikuwa imelala kwa joto, na hata punda wa jirani alikuwa kimya. Kwanza ilikuja harufu, ya shamba la miwa lililofunguliwa maji baada ya kiu ndefu. Kisha godoro likabonyea taratibu upande usio na mtu, kwanza mahali pa kiwiko, halafu mahali pa nyonga, kama linavyobonyea mama anapojilaza ubavu kando ya mtoto wake, na Rifai, aliyekuwa macho muda wote bila kulia, akageukia pale palipobonyea akicheka kwa ufizi mtupu, akafungua kinywa, akashika kitu ambacho hakikuwapo, na mashavu yake yakaanza kwenda, na koo lake likaanza kumeza, na sauti ya kunyonya ikajaa chumbani, nzito, yenye pupa, huku nywele laini za utosi wake zikilala upande mmoja, zikiinuka, zikilala tena chini ya mkono usioonekana.

Badria alijiziba mdomo kwa mtandio. Hofu ya Nabawia, ajabu, ilichelewa. Kilichotangulia kilikuwa wivu. Aliuona uso wa mwanawe umetulia kwa namna ambayo kifuani mwake haujatulia hata siku moja, akamchukia huyo aliyeutuliza.

"Ni wangu!" Alirarua pazia, akamnyakua mtoto. Rifai akalia kilio cha mtoto aliyeporwa kwa mama yake, maziwa yakimtiririka kidevuni. Toka chini ya sakafu mtu akaanza kumbembeleza, polepole. Usilie, baba, usilie, nipo.

"Nabawia," Badria alisema, "hiyo ni sauti yako."

Shehe Kinawi wa msikiti wa kijiji aliitwa, akafika alasiri ile ile na birika la maji aliyoyasomea. Khalafu, mume wa Nabawia, alikuwa ametoka kiwanda cha sukari. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, hathubutu kuingia. Shehe alisoma mpaka kilemba kikalowa, kisha akainamia sakafu.

"Wewe uliye chini, kwa nini umeingia nyumba ya watu?"

"Sikuingia. Niliitwa." Sauti ya Nabawia, na midomo ya Nabawia imefumba. "Miaka yote tulikuwa wagumba wawili. Alipolia makaburini, nami nililia. Alipozaa, matiti yangu yalijaa kama yake. Yeye akapewa mtoto. Mimi nikapewa nini? Kisha mtoto akalia njaa, yeye mwenyewe akasema, nenda kwa dada yangu."

"Na utaondoka kwa malipo gani?"

"Kwa neno langu alilonidhulumu. Alitoe."

Shehe alimvuta Nabawia pembeni. "Binti yangu, mwizi ningemfukuza. Huyu alikaribishwa. Mpe neno lake."

"Nisipompa?"

"Mtoto ataendelea kula kwao. Na mwenye kukua kwa chakula chao, mwisho huhamia kwao."

Nabawia alimtazama Rifai, mnono, mzuri, akinyoosha mikono kuelekea chini. Haja Zannuba alikuwa analia, Khalafu anaomba, "Sema, bibi wee, neno tu!"

"Na juu ya dada yangu," alisema Nabawia hatimaye, "aliye bora kuliko mimi."

Kinywa kilisema. Moyo uliongeza kwamba ni uongo, na Mungu peke yake ndiye aliyesikia, au hivyo alijidanganya. Harufu ya udongo mbichi ikapungua, ikaisha. Jioni ile Rifai alilishika titi la mama yake akanyonya kwa njaa, na Haja akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Shehe alikataa chai.

"Ameondoka," alisema akivaa viatu. "Lakini maziwa aliyomnyonyesha yameshakuwa nyama na mifupa. Mtoto ana mama wawili sasa, na huyo wa pili msimdharau."

Nabawia alisubiri mgongo wa shehe upotee, akamtuma mumewe kuleta saruji. Chumba cha nyuma kikasakafiwa ukuta kwa ukuta. Ilipokauka aliikanyaga kwa kisigino akacheka. "Aje sasa, huyo aliye bora."

Miezi ikapita. Rifai akaota meno mawili, akaanza kutambaa, na njaa ya kukua ikampanda tena. Adhuhuri moja alinyonya titi hili, akadai lile, akarudia la kwanza, na yote yakawa matupu. Nabawia alimbembeleza, akamsugua mgongo, akamwita majina yote ya mapenzi aliyoyajua. Mtoto alinyamaza ghafla. Akateleza kutoka mapajani, akatambaa mpaka chumba cha nyuma, akalaza shavu lake juu ya saruji.

"Mama," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Nabawia alifungua kinywa aitike, machozi ya furaha yakimlenga, na kabla hajaitika, mtu chini ya saruji akamtangulia, kwa sauti ile ile ya Nabawia.

"Abee, mwanangu."