Mabawa Mawili ya Kushoto

Soko la Voi siku ya Jumamosi halina adabu. Jua linachoma, vumbi jekundu linapanda mpaka kwenye kope, na mwenye haraka na asiye na haraka wote wanakanyagana. Mulinge alikuwa ameinama akichagua vitunguu, mara kona ya boksi refu ikamdunga mbavuni.

"Pole jamani," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya boksi. "Sikukuona."

"Hata mimi sikuoni. Naona ndege tu."

Kweli, juu ya boksi palichorwa ndege ya vita ya Waingereza wa zamani, rangi zake zimefifia. Boksi liliposhuka akatokea mwanamke wa sketi ya maruni na blauzi nyeupe iliyonyooshwa pasi vizuri, kitambaa cha buluu shingoni, sare ya wapokezi wa hoteli moja kando ya barabara kuu. Mulinge, fundi wa simu asiyeishiwa maneno, akavisahau vitunguu.

Jina lake lilikuwa Mable. Boksi ni la babake, Mzee Mwandawiro wa Mwanda, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha kambi ya watalii. Rubani mmoja aliporudi kwao alimwachia zawadi hiyo: ramani, na vipande vya mbao za balsa, nyepesi kama mkate mkavu, vya kuunganishwa mpaka viwe ndege ya kurushwa kwa rimoti. Mzee akaiweka chini ya kitanda, akisema ataijenga akistaafu. Alipostaafu, mikono ikaanza kutetemeka.

"Natafuta mtu wa kumjengea," Mable alisema. "Maseremala wote wananicheka."

"Basi umempata. Mimi nilisomea mambo ya ndege, chuoni, Nairobi."

Neno lilimtoka hivi hivi, kabla hajalionja. Ukweli ni kwamba Mulinge alifagia hanga, banda la kuegeshea ndege, Nairobi miezi minne, kisha akarudi Voi kufungua kibanda cha simu. Lakini nani angemwambia hayo mwanamke mwenye macho yale? Wanaume tuko hivyo, tukipendezwa kidogo tu tunaongeza chumvi.

Mapenzi hayakuchelewa. Kila Mable alipotoka kazini alipitia kibandani na soda mbili baridi, akakaa juu ya kreti kumtazama Mulinge akikata mbavu za bawa kwa wembe na kuzibana kwa pini juu ya ramani.

"Fundi, hii karatasi ya maelezo mbona huisomi?"

"Hiyo ni ya wanaojifunza, mpenzi."

"Haya, profesa. Unajua unapendeza sana ukinyamaza?"

"Nikinyamaza utasinzia."

"Nisinzie na harufu yote hii ya gundi?" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Baba ameuliza utakuja kujitambulisha lini. Nimemwambia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na ndege mkononi."

Mulinge akambusu kwenye paji la uso. Siku hiyo alijiona mtu.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo aligandua bawa la pili mezani, akaliweka kando ya lile la kwanza, ndipo akaliona kosa. Yote mawili yalikuwa ya kushoto. Ramani ilikuwa na mchoro wa bawa moja tu, na ile karatasi aliyoidharau ilieleza, kwa maandishi madogo, kwamba ramani ipakwe mafuta ya kupikia mpaka mistari ionekane upande wa nyuma, igeuzwe, kisha bawa la kulia lijengwe juu ya huo upande wa nyuma. Mulinge alijenga juu ya mchoro uleule mara mbili. Na bawa la ndege lina mgongo uliobinuka na tumbo lililo bapa. Ukiligeuza likae kulia, mgongo unatazama ardhi. Mbao za mabawa zilikuwa zimekwisha, zote zimeshikwa na gundi.

"Hiyo ikiruka itarudi kukutafuta wewe," alisema Kaloki, muuza chaja wa kibanda cha jirani, akafa kwa kicheko.

Mulinge hakucheka. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya bawa peke yake. Angesema nini akiulizwa ni chuo gani hicho kilichomfundisha kujenga ndege yenye mabawa mawili ya kushoto? Mzee wa watu aliitunza mali hii miaka yote, na yeye ameiharibu kwa mdomo wake. Akafunga kibanda, akaenda kwa mamake, kijijini Mbololo. Simu ya Mable ikilia aliitazama mpaka inyamaze. Akajibu kwa ujumbe: *Niko bize kidogo mpenzi.* Akasema uongo huo siku ya kwanza, ya tatu, ya saba.

Siku ya kumi akapokea.

"Una mke, Mulinge?" Mable hakusalimia. "Niambie tu nijue."

"Sina mke."

"Basi una nini?"

"Nina mabawa mawili ya kushoto."

Sauti ya Mable ikaja, imepoa kabisa. "Mimi silali, wewe unanitania. Asante." Simu ikakatwa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Mulinge aliingia hotelini na viatu vyenye vumbi la Mbololo, akaweka mabawa mawili juu ya meza ya mapokezi. Wageni wawili wenye masanduku wakasogea pembeni. Mable aliyatazama. Akayalaza sambamba, akageuza moja, akalirudisha. Ni mtoto wa mtu wa ndege, hakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Na chuo sikusoma. Nilikuwa nafagia hanga. Niliona aibu, Mable. Bado naona."

Pembe za mdomo wake zilitaka kucheka, lakini macho yakajaa kwanza. "Bawa si kitu. Mbao zitaagizwa. Lakini siku kumi nimejitazama kwenye kioo nikijiuliza nina kasoro gani. Siku kumi, Mulinge."

Mulinge akayakusanya mabawa. Alitamani sakafu ile ya vigae impokee.

"Jumamosi njoo," Mable akasema, akijifuta kwa kitambaa cha shingoni. "Lakini Baba utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Kwao Mable, Mwanda, siku hiyo kulikuwa na ukungu, baridi ya kuvaa masweta mawili. Mulinge alikuja na mjomba wake Maundu, kwa kuwa kijana hajisemei siku ya kujitambulisha. Husemewa na mkubwa wake, yeye akiangalia magoti yake. Walileta sukari, blanketi na dumu la asali. Mable alikaa kando ya mamake, amevaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, hamtazami.

Maundu akasimama, akakohoa. Sasa hapa nawaambia, Mulinge alikuwa na siku kadhaa za kumwambia mjomba ukweli, na hakumwambia.

"Kijana wetu ni mtu wa kujituma," Maundu akaanza. "Ni mtaalamu wa ndege aliyesoma Nairobi, na chuoni walitaka abaki afundishe..."

Hilo la kufundisha Maundu alilitunga mwenyewe, kwa mapenzi. Masikio ya Mulinge yakawaka moto. Mable sasa alikuwa akimtazama.

"Mjomba, naomba ukae," Mulinge akasema, akasimama.

Maundu akabaki mdomo wazi, kwani hajawahi kukatizwa mahali kama pale. Mulinge akafungua mfuko, akampa Mzee Mwandawiro mabawa yote mawili, akasema kila kitu: hanga, fagio, karatasi ambayo hakuisoma. Mjomba wake akaangalia ukuta.

Mzee aliyapitisha mabawa kwenye vidole vyake vinavyotetemeka, akapapasa kila ubavu kwa kidole gumba, hana haraka.

"Umeunga vizuri," akasema mwishowe. "Hata huyo rubani wangu aliwahi kukosea bawa, alinihadithia. Ulipogundua, ulifanya nini?"

"Nilijificha, Baba."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

Mzee akaweka mabawa mapajani. "Ukimuoa huyu utakosea tena, na si mambo ya mbao. Ninachotaka kujua ni hiki: siku hiyo utajificha siku ngapi?"

Jibu zuri lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Mulinge: hata moja, Baba. Akalimeza. Akamtazama Mable, uso ukimuwaka.

"Labda mbili," akasema.

Shangazi mmoja akaguna. Mable akainuka, akavuka sebule mbele ya wazee wote, akakaa kando yake kwenye kochi.

"Nakupa mpaka jioni," akasema.